UZI: Sarafu ikishaingia kwenye mashine, nani huitoa?

1.
Kila msimu wa siasa ukikaribia, hoja hii hurudi jukwaani. Mmoja anashika maikrofoni na kusema, "Tutazichoma hizo mashine zote zinazoharibu vijana wetu!" Watu wanapiga makofi. Kesho yake mwingine anasema, "Tusichome, tuzipe leseni tuzitoze kodi, tupate pesa za hospitali." Watu wale wale wanapiga makofi tena.

Tunazungumzia mashine za sarafu. Zile za kamari zilizoingia mpaka vijijini, kando ya kinyozi na nyuma ya duka la unga. Lakini pia dada na kaka zake: simu ya kibandani, mashine ya maji, mashine ya maziwa. Zote ni ukoo mmoja.

Kama kawaida ya nyuzi zetu, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia hoja yenyewe imetoka wapi. Hii vita ya "choma" na "toza kodi" ina zaidi ya miaka mia moja, na kuna nchi zilizojaribu zote mbili. Tuone zilipata nini. Twende pole pole.

2.
Kwanza tuelewe biashara yenyewe, kwa sababu wengi wanabishana bila kuijua.

Mashine ya sarafu ina watu watatu. Kuna mwenye mashine: aliyeinunua, anayeitengeneza ikiharibika, na mwenye ufunguo wa kile kisanduku cha pesa. Kuna mwenye mahali: duka, baa, hoteli, stesheni. Halafu kuna mteja.

Mwenye duka hanunui mashine. Anatoa kona tu na stima, wanagawana kilichomo. Huko Marekani, ambako biashara hii ilikua sana, mgao uliozoeleka ni nusu kwa nusu. Siku ya kufungua kisanduku, mwenye mashine anakuja na ufunguo, wanahesabu pamoja mezani, kila mtu anachukua chake.

Sasa angalia vizuri. Hakuna risiti. Hakuna keshia. Ni pesa taslimu, tena ndogo ndogo, na wanaojua jumla yake ni watu wawili peke yao. Ugomvi wote tutakaouona kwenye uzi huu umezaliwa hapo. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini kibaba cha nani?

3.
Wazo lenyewe ni la kale sana. Karne ya kwanza, Heron wa Alexandria, kule Misri, alieleza chombo cha kutoa maji ya ibada hekaluni. Sarafu ikianguka kwenye kibao, uzito wake unakiinamisha, mlango mdogo unafunguka, maji yanatoka kidogo. Sarafu ikiteleza, mlango unafunga.

Hebu jiulize kwa nini hekalu lilihitaji kitu hicho. Ni ili kila mtu apate kipimo chake, asichote zaidi ya alicholipia. Kwa hivyo mashine ya sarafu ilianza kama kifaa cha kupima kwa haki.

Ilichukua karne nyingi kuwa biashara kubwa. Miaka ya 1880 London ilikuwa na mashine za kuuza postikadi. Tarehe 23 Novemba 1889, Louis Glass aliweka fonografu ya sarafu katika ukumbi wa Palais Royale, San Francisco. Unatia senti tano, unasikiliza wimbo. Huyo ndiye babu wa jukeboksi.

4.
Mji huo huo wa San Francisco ndio uliotupa mashine ya kamari tunayoijua. Miaka ya 1890, fundi mmoja mhamiaji kutoka Ujerumani, Charles Fey, alitengeneza mashine ya magurudumu matatu aliyoiita Liberty Bell. Unavuta mkono, magurudumu yanazunguka, picha zikilingana unalipwa sarafu papo hapo.

Ile mashine ya kucheza karata ilihitaji mtu wa kulipa mshindi. Hii ilijilipia yenyewe. Haichoki, haidai mshahara, hailali.

Mwaka 1909 San Francisco ikapiga marufuku. Miaka miwili baadaye jimbo zima la California likafuata. Mashine ziliisha? Wapi! Zilibadilishwa nguo. Zikaanza kuuza ubani wa kutafuna: unatia sarafu, unapata ubani, na picha zikilingana "unapata zaidi". Kwenye magurudumu zikachorwa ladha za ubani: cheri, ndimu, plamu.

Zile picha za matunda unazoziona mpaka leo kwenye mashine ya kijijini zimetoka huko. Ni alama za ujanja wa kukwepa sheria, zimebaki mahali pake zaidi ya miaka mia.

Funzo la kwanza: ukipiga marufuku umbo la mashine, mwenye mashine atabadilisha umbo.

5.
Sasa njoo New York, maana pale ndipo "tuzichome" ilijaribiwa kwa nguvu zote.

Mwaka 1931 mchezo wa pinboli ulilipuka Marekani. Ni meza yenye kioo, unarusha goroli ya chuma, inaangukia mashimo yenye alama. Ilikuwa enzi ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, na senti chache zilinunua dakika kadhaa za kusahau shida. Viwanda vyake vikubwa vilikuwa Chicago: Gottlieb, Bally, baadaye Williams.

Mwaka 1942 New York ilipiga marufuku. Hoja ya meya wa wakati huo ilikuwa kwamba mashine zinakula pesa za chakula cha mchana za watoto wa shule, na faida inaishia kwa majambazi. Polisi wakavamia maduka. Mashine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya kamera, na meya mwenyewe alishika nyundo. Nchi ilikuwa vitani, kwa hivyo vyuma vikaenda kuyeyushwa.

Picha ilikuwa tamu sana kisiasa. Inafanana na nini? Subiri, tutafika.

6.
Marufuku hiyo ilikaa miaka 34. Na mchezo haukufa. Ulijificha vyumba vya nyuma, mahali ambapo mtoto wa shule alikuwa hatarini zaidi kuliko alivyokuwa dukani.

Halafu mchezo wenyewe ukabadilika. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, yenye vibao vidogo vya kupiga goroli isianguke. Hapo ustadi wa mchezaji ukaanza kuhesabika. Lakini sheria ilibaki inaona kamari tu.

Mwaka 1976 madiwani wa New York walikaa kusikiliza ombi la kuondoa marufuku. Mwandishi mmoja kijana, Roger Sharpe, akaletwa na mashine ikawekwa mbele yao. Akawaambia goroli itapita njia gani, kisha akairusha. Ikapita pale pale aliposema. Marufuku ikaondolewa.

Swali lililoamua mambo lilikuwa fupi: matokeo yanategemea mkono wa mchezaji ama bahati peke yake? Swali hilo lingeweza kuulizwa miaka mingi mapema. Lakini nyundo ilikuwa inatosha kwa gazeti la kesho.

Na Chicago, mji uliokuwa unatengeneza hizo mashine na kuziuza kila mahali? Nao ulikuwa na marufuku yake mpaka miaka ya 1970. Kiwanda ruhusa, kucheza marufuku.

7.
Mtu atauliza: kwani majambazi walikuwa wa kusingiziwa? La. Walikuwa wa kweli.

Kumbuka kile kisanduku cha sarafu kisicho na risiti. Ukitaka kuficha pesa chafu, hiyo ni zawadi. Ukitaka kumlazimisha mwenye baa aweke mashine yako na si ya jirani, unamtumia vijana wa mkoa huo wenye misuli. Mwaka 1950 na 1951 kamati ya Seneti ya Marekani ilizunguka nchi ikichunguza magenge, na mashine za kamari zilitajwa mara kwa mara. Mwaka 1951 ikatungwa sheria ya kuzuia kusafirisha mashine za kamari kwenda majimbo ambako haziruhusiwi.

Watengenezaji wakafanya nini? Wakatoa pinboli za aina ya bingo. Hazikutoa sarafu. Zilikupa "michezo ya bure", na mwenye baa anakununulia hiyo michezo kwa pesa taslimu, kimya kimya. Kodi ya serikali kuu kwa mashine ya burudani ilikuwa dola 10 kwa mwaka. Ya kamari, dola 250. Unaona kwa nini kila mtu alitaka yake iitwe "burudani"? Mwaka 1957 kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikaamua kwamba hizo bingo ni kamari, zilipe 250.

Funzo la pili: jina la mashine kwenye leseni lina thamani ya pesa. Anayeandika maana ya neno "burudani" ndiye anayegawa utajiri.

8.
Lakini tusidhani biashara hii yote ni kamari. Wafanyabiashara halali wa mashine walikuwa na maumivu yao, na hapa ndipo wanasiasa wengi hawaangalii.

Mashine inajua sarafu moja ama mbili tu. Haijui mfumko wa bei. Coca-Cola iliuzwa senti tano tangu 1886 hadi miaka ya 1950, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba mashine zake zilipokea sarafu ya senti tano. Kupandisha hadi senti kumi ni kuongeza bei mara mbili kwa siku moja. Ikawa shida mpaka mwaka 1953 kampuni ikaomba serikali ya Marekani itengeneze sarafu ya senti saba na nusu. Ilikataliwa.

Sasa rudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 231, inasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu. Wengi tulijadili sura za marais. Desemba 2018 sarafu mpya zikatoka: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Uamuzi wa haki kabisa. Lakini mashine husoma uzito, upana na madini ya sarafu. Sarafu mpya maana yake kila mwenye mashine anamwita fundi. Nani alimwuliza?

Na jukeboksi nazo zilikuwa na vita vyao. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 iliziacha huru: zilicheza wimbo hadharani bila kumlipa mtunzi kwa uchezaji huo. Ilichukua mpaka sheria ya 1976 kubadilisha, na kuanzia 1978 kila jukeboksi ikalipa dola 8 kwa mwaka. Miaka karibu sabini. Ukisikia wanamuziki wetu wakilia kuhusu mirabaha ya baa na matatu, ujue kilio hicho ni cha zamani.

9.
Kenya tuliijua mashine ya sarafu kwa njia ya heshima: simu ya kibandani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Shirika la Posta na Simu la Kenya lilichukua kazi hiyo. Ukikua miaka ya themanini na tisini unakumbuka foleni, mkono umeshika sarafu, unaomba Mungu simu isimeze pesa bila kuunganisha.

Mwaka 1999 shirika hilo liligawanywa. Mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkononi zilikuwa zinashindania wateja. Machi 2007 M-PESA ikaingia. Vibanda vikabaki maganda tu mjini. Hakuna aliyevichoma. Teknolojia ilivipita.

Wakati huo huo sheria ya kamari ilikuwa ni ile ya 1966, Sura ya 131, iliyounda bodi ya kutoa leseni. Ilitungwa wakati kamari ilimaanisha kasino za mjini, bahati nasibu na farasi. Haikuota mashine ya sarafu ya shilingi ishirini kando ya kinyozi.

Halafu Katiba ya 2010 ikagawa kazi. Soma Jedwali la Nne. Sehemu ya kwanza: kamari ya kitaifa ni ya serikali kuu. Sehemu ya pili: kamari na kasino ni kazi ya kaunti, pamoja na leseni za pombe na za biashara. Kamari iko pande zote mbili. Mashine ya kijijini ni ya nani? Kila ofisi inaweza kudai ada, na kila ofisi inaweza kusema "hiyo si yangu."

10.
Katika huo mwanya ndipo zile mashine tunazoziita "za Wachina" zilienea. Na hilo jina linaficha kitu. Ni kweli nyingi zilitengenezwa China. Lakini kona ilitolewa na mwenye duka wa hapa, aliyeona mgao wake unazidi faida ya mkate. Aliyefumba macho naye ni wa hapa.

Mwaka 2018 tukaona operesheni. Mashine zikakusanywa, zikavunjwa, zikachomwa hadharani. Kamera zilikuwepo. Sasa rudi juu usome tena namba 5. Ni New York ya 1942, tofauti ni moshi tu.

Mzazi aliyefurahi siku hiyo hakukosea. Mtoto aliyepewa karo akairudisha nusu, bibi aliyeuza kuku akakuta pesa zimeishia kwenye taa za rangi, hayo ni maumivu ya kweli. Anayewacheka wazazi hao hajui mambo. Swali ni kama moshi uliwasaidia mwaka uliofuata. Ukitembea sokoni leo unajua jibu: nyingine zimerudi, nyingine zimehamia nyumba za ndani, na zile kali kuliko zote zimehamia kwenye simu.

Agosti 2025 sheria mpya ya kudhibiti kamari ilitiwa saini, ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Karibu miaka sitini. Sheria mpya ni mwanzo. Itategemea nani atafungua kile kisanduku.

11.
Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Mashine ya kamari ya kisasa ina kipande cha kompyuta kinachochagua matokeo, na asilimia ya kurudisha imewekwa ndani. Jimbo la Nevada linadai mashine irudishe angalau asilimia 75. New Jersey inadai 83. Mtu anasikia "asilimia 80" anafikiri, si mbaya, napoteza kidogo tu.

Chukua mfano. Una shilingi 2,000, mashine inarudisha 80. Ukizungusha zote mara moja, kwa wastani unabaki na 1,600. Lakini hakuna anayeondoka hapo. Anarudisha ndani. Inabaki 1,280. Tena, 1,024. Tena, 819. Mzunguko wa tano, 655. Mashine haijadanganya hata kidogo. Imefanya ilichoambiwa, na theluthi mbili ya pesa imeenda.

Na hiyo ni mashine iliyokaguliwa. Ile ya nyuma ya duka ambayo haijawahi kuonwa na mkaguzi, asilimia yake anaijua nani? Mwenye ufunguo.

12.
Basi tuende upande wa pili: "Tuzitoze kodi tupate pesa za maendeleo." Kuna nchi iliyofanya hivyo kwa moyo wote. Australia.

Jimbo la New South Wales liliruhusu mashine za kamari kwenye vilabu vya wanachama mwaka 1956. Vilabu vikajenga kumbi, vikadhamini michezo ya watoto, serikali ya jimbo ikapata kodi. Majimbo mengine yakafuata baadaye. Mwaka 2010 Tume ya Tija ya nchi hiyo ilitoa ripoti nzito: takriban asilimia 40 ya pesa zinazotumika kwenye mashine hizo zilitoka kwa watu wenye tatizo la uraibu.

Fikiria maana yake kwa waziri wa fedha. Ukiwaponya waraibu, unapoteza sehemu kubwa ya mapato. Serikali nayo inakuwa mraibu. Kila jaribio la kupunguza linakutana na vilabu, ajira, na shimo kwenye bajeti.

Lakini ndani ya nchi hiyo hiyo, Australia Magharibi ilikataa kuziweka mashine hizo kwenye baa na vilabu. Zipo kasino peke yake. Baa za huko hazikufa. Na Uingereza, Aprili 2019, walishusha dau la juu la mashine za maduka ya kamari kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mzunguko. Hawakuvunja mashine hata moja. Waliigusa pale inapouma.

Funzo la tatu: kati ya kuchoma na kutoza kodi kuna njia ya kati, nayo ni kuamua mashine ikae wapi na imeze kiasi gani.

13.
Na wale ndugu zake wa heshima? Mwaka 2015 pale Mathare, Nairobi, ziliwekwa mashine za maji. Uligusisha kadi, ukapata lita 20 kwa nusu shilingi, wakati wachuuzi walikuwa wanauza kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Hiyo ni haki ya Heron wa Alexandria imerudi: kila mtu kipimo chake kwa alicholipia.

Mashine za maziwa nazo. Mama anakuja na shilingi zake chache, anapata maziwa ya kiasi hicho bila kulazimishwa kununua pakiti nzima. Mashine za mafuta ya kupikia vile vile. Huu ndio uchumi wa kadogo, na mashine ndiyo inayouwezesha.

Wenye biashara hii ni vijana waliokopa. Ukizungumza nao wasiwasi wao ni ule ule wa miaka mia: leseni za ofisi nyingi kwa kifaa kimoja, vipuri vinavyotoka nje na ushuru wake, stima ikipotea maziwa yanaharibika, mkaguzi wa vipimo haji ama anakuja na mkono wazi. Na siku ya operesheni, askari wa kaunti akiambiwa "mashine", hatofautishi. Mwanasiasa anayesema "mashine zote" jukwaani amemweka huyu kijana kikapu kimoja na mwenye kamari.

Upande wa pili pia tuseme ukweli. Mashine ya maziwa isiyokaguliwa inaweza kupunja kipimo mara mia kwa siku, na hakuna atakayejua. Mita isiyosomwa na mtu wa nje ni ahadi tu.

14.
Kwa hivyo safari nyingine mgombea akija kwako na hoja ya mashine, usimpigie makofi haraka, awe wa kuchoma ama wa kutoza. Muulize haya:

Moja. Unazungumzia mashine zipi? Inayouza kitu kinachopimika, inayopima ustadi, ama inayouza bahati? Kama hatofautishi, hajajiandaa.

Mbili. Ufunguo wa kisanduku anao nani, na jina lake limeandikwa wapi? Si mwenye duka. Mwenye mashine.

Tatu. Mita inasomwa na nani zaidi ya wale wawili wanaogawana?

Nne. Mashine ikae wapi, isikae wapi, na dau la juu ni ngapi? Shule iko mita ngapi? Na sheria hiyo hiyo itafuata mashine ikihamia kwenye simu, ama itabaki imeshika nyundo kwenye duka tupu?

Tano. Kodi ikipatikana, ni asilimia ngapi ya bajeti ya kaunti ama taifa? Ikizidi, nani atakuwa na ujasiri wa kusema basi?

15.
San Francisco ilipiga marufuku, mashine zikauza ubani. New York ilivunja kwa nyundo, zikaenda vyumba vya nyuma kwa miaka 34. New South Wales ilizikaribisha, ikashindwa kuziaga. Sisi tumeshachoma na sasa tuna sheria mpya mkononi. Bado tunaweza kuchagua.

Usidanganywe na mwanga wa moto wala na ahadi ya kodi. Vyote viwili vinaweza kufanyika bila mtu yeyote kufungua kisanduku mbele ya wananchi na kuhesabu. Bibi aliyeuza kuku anataka kujua kitu kimoja: shilingi yangu ilienda kwa nani?

Mwenye jibu la hilo, mpe sikio. Asiye nalo, mwache aendelee na maikrofoni.

Mwisho wa uzi. Kama eneo lako lina mashine ya maji ama maziwa inayofanya kazi vizuri, tuambie hapo chini bei ni ngapi na nani huikagua. Na kama una swali, uliza. Matusi na majina ya wanasiasa, hapana.